Modeli ya kuchuja pulsa: 98% kwenye HTRU2, lakini kwenye data ya darubini inataja ovyo. Nianzie wapi?

msomi_wa_redio

Wakuu, habari za kazi.

Niko kwenye shahada ya uzamili ya fizikia. Tasnifu yangu ni kutumia ujifunzaji wa mashine kuchuja ishara za darubini ya redio zinazodhaniwa kuwa pulsa, yaani nyota zinazojizungusha na kutuma mapigo ya redio kwa vipindi. Kwa ufupi nitaziita washukiwa.

Data ya kufunzia ni HTRU2, iliyotokana na upekuzi wa anga wa darubini ya Parkes, Australia. Ina washukiwa 17,898: pulsa halisi 1,639, na waliobaki 16,259 ni kelele au usumbufu wa redio. Kila mshukiwa ana sifa nane tu, yaani wastani, mchepuko sanifu, kurtosi (uchongoko) na mshazari (kuegemea upande mmoja) wa umbo la pigo, halafu hizo hizo nne kwa grafu ya DM, inayoonyesha nguvu ya ishara kwa kila thamani ya DM, kipimo cha elektroni zilizo njiani kati yetu na pulsa. Nimesawazisha madaraja mawili kwa SMOTE, nikaweka sifa zote kwenye mizani moja, kisha nikagawa kinasibu 80 kwa 20. Nimejaribu rejesheni ya logisti, XGBoost (miti ya maamuzi) na mtandao wa neva wa tabaka tatu. Zote zinatoa usahihi wa karibu 98%.

Baada ya hapo nimechukua faili la Parkes lililo wazi kwa umma, nikalipitisha kwenye PRESTO (programu za kutafuta pulsa) mpaka prepfold, inayokunja data kwa kipindi cha kila mshukiwa ili pigo lionekane, nikakokotoa sifa nane kutoka kwenye faili za .pfd na kuzipa modeli. Matokeo: zaidi ya theluthi ya washukiwa wameitwa pulsa, wakati pulsa inayojulikana iliyomo kwenye faili hilo imepewa uwezekano wa 0.2.

Naomba msaada kwenye haya:
1. Tatizo ni modeli au ni data?
2. Kama usahihi wa 98% haufai kuripotiwa, niripoti nini?
3. Je, nikihamia mtandao wa neva unaosoma picha nitapona?
4. Nina kompyuta mpakato ya kawaida, haina GPU. Inatosha?

---

takwimu_kwanza

Mkuu, kabla ya kuigusa modeli rudi kwenye mpangilio wa hatua. Umefanya SMOTE kabla ya kugawa data. SMOTE hutengeneza pulsa bandia kwa kuchukua pulsa halisi mbili zilizo jirani na kuweka nukta mahali fulani kati yao. Ukigawa baada ya hapo, nukta iliyozaliwa na A na B inaangukia kwenye mafunzo huku A mwenyewe yuko kwenye majaribio. Modeli inaulizwa swali ambalo imeshaonyeshwa jibu lake. Isitoshe, data yako ya majaribio sasa ni nusu pulsa nusu kelele, na hakuna anga la namna hiyo.

Panga hivi. Gawa kwanza, ukilinda uwiano wa madaraja (`stratify=y`), na ile 20% uifungie mpaka siku ya mwisho. Kwenye 80% iliyobaki fanya uhakiki wa mafungu matano. Mizani ya sifa ikokotolewe upya ndani ya kila fungu, kwa data ya kufunzia peke yake. Ukishikilia SMOTE, tumia `Pipeline` ya imbalanced-learn, kwa sababu ile ya scikit-learn haipokei hatua inayobadilisha idadi ya safu.

Binafsi ningeiacha SMOTE kabisa. Kwenye XGBoost kuna `scale_pos_weight`. Kwa HTRU2 ni 16,259 kugawa kwa 1,639, yaani karibu 9.9. Ila ujue kwamba uzito huo, sawa na SMOTE, unavimbisha uwezekano: modeli ikisema 0.5 haimaanishi tena nusu kwa nusu. Ukihitaji uwezekano wa kweli, fanya kalibresheni kwa fungu ambalo halikutumika kufunza. Njia rahisi kuliko zote ni kutoweka uzito wowote, halafu usogeze kizingiti (uwezekano ambao mshukiwa akiuvuka anaitwa pulsa) mpaka upate unachotaka.

Sasa hiyo 98%. Mtu akiandika programu ya mstari mmoja inayosema "si pulsa" kwa kila mshukiwa wa HTRU2, atapata usahihi wa 90.8%. Kwa hiyo ukipima kwa uwiano halisi wa HTRU2, safari yako inaanzia 90.8, haianzii sifuri. Ripoti namba mbili badala ya moja: unasaji, yaani sehemu ya pulsa halisi ambazo modeli imezikamata, na usafi, yaani sehemu ya zilizotajwa ambazo kweli ni pulsa. Chora grafu ya moja dhidi ya nyingine kwa vizingiti vyote, na useme wazi umechagua nukta ipi na kwa nini.

Hata usafi wenyewe unadanganya ukiutoa kwenye HTRU2 na kuupeleka kwenye upekuzi halisi. Chukua modeli yenye unasaji wa 98% inayokosea kelele 1 katika kila 100. Kwenye HTRU2 yote itanasa pulsa 1,606 na kutaja kelele 163 kimakosa, hivyo usafi ni 91%. Inapendeza kweli. Sasa ipe washukiwa 1,000,000 wenye pulsa 100 tu ndani yake, hali ambayo iko karibu zaidi na kazi halisi. Itanasa 98, lakini kelele zilizopita kimakosa ni kama 10,000. Usafi umeshuka chini ya 1%, na modeli haijabadilika hata kidogo. Ukipunguza kosa hadi kelele 1 katika 1,000, usafi unapanda hadi karibu 9%, maana yake mtu atafungua michoro kama 1,100 kwa macho yake ili apate pulsa 98. Hiyo ni kazi inayofanyika. Michoro 10,000 ni adhabu.

Ndiyo maana kwenye tasnifu ningeweka mbele kiwango cha kelele zinazopita kimakosa kwa unasaji uliowekwa, mfano "kwa unasaji wa 98%, kelele zilizopita ni 0.3%". Namba hiyo haitegemei uwiano wa madaraja, na msomaji anaweza kuipigia hesabu ya upekuzi wake mwenyewe.

Weka pia mipaka ya uhakika. Asilimia 20 ya HTRU2 ina pulsa 328 hivi. Ukikosa 7, unasaji ni 97.9%, lakini kwa idadi hiyo kipindi cha uhakika cha 95% kwa njia ya Wilson kinaanzia 95.7% hadi 99.0%. Kwa hiyo modeli mbili zenye 97.6% na 98.2% ni sare. Kuna makala nyingi zinazopanga modeli kumi kwa tofauti ya desimali kama hizo, na upangaji huo hauna msingi.

Halafu kuna uvujaji ambao HTRU2 haikuruhusu kuuziba. Pulsa moja inaweza kuchunguzwa mara kadhaa, na kila mara ikatoa mshukiwa wake. Kwenye HTRU1, data ya upekuzi huo huo, washukiwa 1,196 walio pulsa walitoka kwenye vyanzo 521 tu. Ukigawa kinasibu, pulsa ile ile inakaa pande zote mbili. Dawa ni `GroupKFold`, jina la pulsa likiwa ndiyo kundi. HTRU2 haina jina wala mahali angani, ina sifa nane na alama ya daraja basi. Liandike hilo wazi kama mpaka wa data, na kwenye data utakayoikusanya mwenyewe hifadhi jina la chanzo tangu mwanzo.

---

mkunja_pigo

Nakubaliana na takwimu_kwanza, ila hayo yote hayaelezi kwa nini pulsa inayojulikana imepewa 0.2. Hapo naona tatizo liko kwenye sifa. Modeli yako imefunzwa kwa namba zilizokokotolewa kwa njia moja, nawe unaipa namba zilizokokotolewa kwa njia nyingine.

Fanya jaribio la dakika tano. Chora histogramu ya kila sifa, HTRU2 kwa rangi moja na faili lako kwa rangi nyingine, zikiwa juu ya mhimili mmoja. Anza na wastani wa umbo la pigo. Kwenye HTRU2 uko kati ya takriban 6 na 193, kwa sababu umbo la pigo lilibanwa kwanza kwenye mizani ya 0 hadi 255. Umbo linalotoka moja kwa moja kwenye .pfd ni jumla ya sampuli zilizorundikwa, na namba zake zinaweza kuwa maelfu au mamilioni. Usipolibana, wastani na mchepuko vitaangukia nje kabisa ya eneo ambalo modeli imewahi kuliona. Miti ya XGBoost haitalalamika. Kila mshukiwa ataingia kwenye tawi la pembeni na kupewa jibu la huko. Theluthi nzima kuitwa pulsa ni dalili inayofanana sana na hiyo.

Kurtosi na mshazari havibadiliki ukibadilisha mizani, lakini hakikisha ni kurtosi ya ziada, ile inayotoa sifuri kwa mgawanyo wa kawaida. `scipy.stats.kurtosis` inatoa hiyo bila kuombwa. Ukitumia fomula ya kitabuni isiyotoa 3, umeisogeza sifa yenye nguvu kuliko zote kwenye HTRU2. Huko pulsa zina kurtosi ya wastani wa karibu 3 na kelele karibu 0.2. Ongeza 3 na kila kelele inavaa sura ya pulsa.

Ni vizuri kuelewa kwa nini sifa hizo zinafanya kazi. Pulsa ya kawaida ina pigo jembamba: kati ya visehemu 64 vya mzunguko, vinne au vitano vinapanda na vingine vyote vinalala chini. Ukibana kwenye 0 hadi 255, kilele kinapewa 255 na sakafu inashuka, hivyo wastani unakuwa mdogo (takriban 57 kwa pulsa za HTRU2, dhidi ya 117 kwa kelele) na mshazari unakuwa mkubwa. Kelele haina kilele kimoja, kwa hiyo visehemu vyake vinajaa katikati ya mizani.

Na hapo hapo ndipo udhaifu ulipo. Pulsa za milisekunde nyingi zina pigo pana, linaloweza kuchukua robo ya mzunguko au zaidi. Sakafu yake ni fupi, wastani unapanda, kurtosi inashuka, na kwa sifa hizi inafanana na kelele. Kama pulsa yako inayojulikana ni ya aina hiyo, 0.2 inaweza kuwa jibu la haki kabisa la modeli isiyojua umbo hilo. Tuambie kipindi chake na upana wa pigo.

Zile sifa nne za grafu ya DM ni ngumu zaidi. DM ni wingi wa elektroni zilizo njiani kati yetu na pulsa, na huchelewesha masafa ya chini kuliko ya juu. Ucheleweshaji kwa milisekunde ni 4.15 mara DM mara tofauti ya 1/ν² kati ya masafa mawili, ν ikiwa kwa GHz. Kwa DM ya 100, kati ya 1.2 na 1.5 GHz, ni kama milisekunde 104. Ukikosea DM kwa 10, pigo linapakazwa kwa milisekunde 10. Kwa pulsa ya sekunde moja hiyo ni asilimia moja ya mzunguko na grafu ya DM haishuki hata kidogo. Kwa pulsa ya milisekunde 5 ni mizunguko miwili kamili, pigo limefutika.

Kwa hiyo umbo la grafu ya DM linategemea kipindi cha pulsa na pia upana wa DM uliojaribiwa. prepfold hujaribu DM kwenye dirisha lililo pembeni mwa DM uliyompa, na upana wa dirisha hilo unabadilika kulingana na kipindi na idadi ya visehemu. Ukikokotoa wastani na mshazari juu ya dirisha hilo, unalinganisha kitu tofauti na kile kilichomo HTRU2. Chagua upana mmoja, mfano DM 0 hadi 500, ukokotoe grafu kwa upana huo kwa kila mshukiwa, ufunze modeli upya kwa sifa hizo. Sifa za HTRU2 zilitolewa na programu inayoitwa PulsarFeatureLab. Imeandikwa kwa Python ya 2, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuandika upya zile fomula nane kwa numpy kuliko kuifufua.

---

msomi_wa_redio

Asanteni sana wakuu, nimechora histogramu. Wastani wa umbo la pigo uko kwenye maelfu, kwa hiyo kubana kwenye 0 hadi 255 hakukuwepo. Pulsa inayojulikana ina kipindi cha milisekunde 5.76, na pigo lake ni pana kweli.

Baada ya kubana, waliotajwa wamepungua mno. Lakini limebaki kundi kubwa lenye kipindi karibu na milisekunde 20 na lingine karibu na 10, na modeli inayapa uwezekano zaidi ya 0.9. Maumbo ya pigo ni safi sana. Naweza kuwa nimekuta kitu?

---

karoo_usiku

Hapana ndugu, huo ni umeme wa nyumbani. Milisekunde 20 ni 50 Hz, mkondo wa gridi. Milisekunde 10 ni 100 Hz, hamoniki yake. Kwenye mchoro wa prepfold kuna vipindi viwili: P_topo, kinachopimwa hapo darubini ilipo, na P_bary, kilichosahihishwa kana kwamba tumekaa kwenye kitovu cha masi cha mfumo wa jua. Dunia inazunguka jua kwa karibu km 30 kwa sekunde, sawa na sehemu moja katika 10,000 ya kasi ya mwanga, hivyo kitu chenye milisekunde 20.000 kamili kwenye P_topo kinaweza kuonekana 20.002 au 19.998 kwenye P_bary. Angalia P_topo kila mara unapotafuta usumbufu wa dunia. Ukiangalia P_bary pekee, namba ya duara inajificha.

Sifa za umbo la pigo haziwezi kukuokoa hapo, kwa sababu umbo lenyewe ni zuri. Kinachotenganisha ni haya:

Kwanza, DM. Ishara ya dunia haijapita kwenye gesi ya kati ya nyota, kwa hiyo nguvu yake iko kwenye DM 0. Linganisha khi-mraba ya kukunja (kipimo cha jinsi pigo linavyojitokeza) kwa DM 0 na ile ya DM bora. Zikikaribiana, mtilie shaka. Kwa pulsa yenye kipindi kirefu kigezo hiki kinalegea kwa sababu aliyoitoa mkunja_pigo, kwa hiyo kitumie kama sifa ya tisa na usikifanye sheria ya kukata.

Pili, upana wa masafa. Pulsa hutoa ishara kwenye bendi pana. Mtambo wa binadamu mara nyingi unakaa kwenye chaneli chache. Karibu na bendi hiyo una GPS kwenye 1227.60 na 1176.45 MHz, na vifaa vya ndege vya kupimia umbali kati ya 960 na 1215 MHz. Kokotoa ni sehemu gani ya bendi ndogo zinazoonyesha pigo mahali pale pale. Hiyo ni sifa ya kumi, na kwa uzito ningeiweka juu ya nusu ya zile nane.

Tatu, muda. Pulsa pekee isiyo na mwenza huonekana tangu mwanzo wa uchunguzi hadi mwisho. Usumbufu huwaka na kuzimika. (Pulsa zenye kunyamaza zipo, na zilizo kwenye mifumo pacha hupinda kwenye mchoro wa muda, kwa hiyo nazo zisitupwe kwa sheria ngumu.)

Nne, miale. Kipokezi kilichotumika kwenye upekuzi huo wa Parkes kilikuwa na miale 13 inayotazama sehemu 13 za anga kwa pamoja. Chanzo cha angani kinaangukia mwale mmoja, au michache jirani kikiwa na nguvu sana. Kinachoonekana kwenye yote 13 kimeingia kwa ubavuni. Somo kubwa la hili ni peritoni: milipuko mifupi iliyoonekana Parkes kwa miaka, yenye mteremko wa masafa unaofanana na wa DM halisi, ila ikitokea kwenye miale yote. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba chanzo ni oveni za maikrowevu za pale kituoni, mtu alipofungua mlango kabla mashine haijamaliza. Modeli inayotazama mwale mmoja peke yake ingezipokea kwa moyo mweupe.

Safisha kabla ya modeli, usiiachie modeli kila kitu. `rfifind`, inayotafuta usumbufu wa redio na kuufunika kwa barakoa, kwa vipande vya sekunde 2 ni mwanzo mzuri. Ukiona barakoa inafunika zaidi ya 30% ya data, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Orodhesha masafa ya gridi na hamoniki zake, uyafute kwa `zapbirds` kabla ya `accelsearch`, hatua inayotafuta vipindi. Kisha pitisha `ACCEL_sift.py` ili nakala za mshukiwa yule yule kwenye DM jirani ziunganishwe, la sivyo mmoja atahesabiwa mara hamsini na takwimu zako zote zitapinda.

Mwisho linganisha waliobaki na katalogi ya ATNF, yenye pulsa zaidi ya 3,000. Usitafute kipindi P pekee; jaribu pia P/2, 2P, P/3, 3P, na 2/3 au 3/2 ya P. Pulsa yenye nguvu hutokea kwa hamoniki zake, tena wakati mwingine kwenye mwale ulio mbali kidogo na mahali pake halisi. Kwa Python kuna psrqpy, inasoma katalogi moja kwa moja.

---

mkunja_pigo

Narudi kwenye swali la tatu, la mtandao unaosoma picha, maana naona wengi wanakimbilia huko.

Mfumo unaojulikana wa aina hiyo ni PICS wa mwaka 2014. Unatazama michoro minne ya mshukiwa: umbo la pigo, grafu ya DM, mzunguko dhidi ya muda, na mzunguko dhidi ya masafa. Hiyo miwili ya mwisho inabeba hasa yale mambo ya bendi na muda aliyoyataja karoo_usiku, ambayo sifa nane haziyaoni kabisa. Kwa hiyo ndiyo, picha zina habari zaidi. Lakini PICS ilifunzwa kwa data ya upekuzi wa PALFA wa Arecibo. Ukiipeleka Parkes au MeerKAT (iliyoko Karoo, Afrika Kusini) bila kuifunza tena kwa washukiwa wa huko, utakutana na tatizo lile lile kwa sura nyingine: usumbufu wa redio wa Puerto Rico si wa Karoo.

Na ukiwa na HTRU2 peke yako, mtandao wa kina hauna cha kula. Safu 17,898 za namba nane zinatoshelezwa na rejesheni ya logisti au XGBoost. Tabaka zaidi zitaongeza kukariri tu.

Ningekushauri ubadilishe swali la tasnifu. "Modeli ipi ina usahihi mkubwa kwenye HTRU2" limeshajibiwa mara nyingi mno. Lililo hai ni hili: pulsa za aina gani modeli inazipoteza? Hilo linapimika. Chukua data halisi ya darubini isiyo na pulsa inayojulikana, udunge pulsa bandia kwa `injectpsr.py` ya PRESTO, ukipanga gridi: vipindi kutoka milisekunde 2 hadi sekunde 2, upana wa pigo 3%, 10%, 25% na 50% ya mzunguko, DM kutoka 10 hadi 500, na nguvu kuanzia mara 7 ya kelele hadi 30. Pitisha kila moja kwenye mnyororo mzima, kuanzia `rfifind` mpaka modeli, kwa sababu nyingine zitapotea kwenye `accelsearch` kabla modeli haijaziona, na usiisingizie modeli kosa lisilo lake. Kisha chora unasaji kwa kila kisanduku cha gridi. Nakuhakikishia kona ya pigo pana na nguvu ndogo itakuwa nyekundu, na pulsa yako ya milisekunde 5.76, kwa pigo lake pana, inaweza kuwa inaishi karibu na kona hiyo.

---

takwimu_kwanza

Wazo zuri, na naongeza sharti moja: zilizodungwa kwa ajili ya kupima zisitumike kufunza, na ukidunga za kufunzia zitoke kwenye mafaili tofauti ya uchunguzi. Kelele ya nyuma ya faili moja ina alama yake, na XGBoost inaweza kuijifunza.

Pia usiripoti unasaji wa pulsa bandia na wa pulsa halisi kwenye namba moja. Mapigo bandia mara nyingi ni kilele kimoja laini cha Gauss, halisi yana vilele viwili vitatu na mikia. Weka safu mbili kwenye jedwali.

---

karoo_usiku

Swali la nne limesahaulika, nalijibu. Kufunza modeli kwa HTRU2 ni sekunde chache kwenye kompyuta yoyote, GPU haihitajiki. Mzigo uko PRESTO, na hasa kwenye diski.

Faili la latitudo ya kati la upekuzi huo ni sekunde 540, sampuli moja kila mikrosekunde 64, chaneli 1,024, biti 2 kwa sampuli. Hiyo ni GB 2.16 kwa mwale mmoja, GB 28 kwa miale yote 13. Zinapatikana kwenye hifadhi ya data ya CSIRO, shirika la utafiti la Australia. Anza na mwale mmoja. Shida inakuja ukishaondoa mtawanyiko (kusahihisha ucheleweshaji wa masafa kwa kila DM unayoijaribu): kila DM inazaa faili la .dat la sampuli milioni 8.4, kwa baiti 4 kila moja ni MB 34 hivi. DM 1,200 ni GB 40, na `realfft` (badiliko la Fourier) ikiacha .dat mahali pake huku ikiandika .fft, umefika GB 80 kwa mwale mmoja. Tumia `-del` kwenye `realfft`, na ufanye kazi kwa mafungu ya DM mia moja mia moja: `prepsubband`, `realfft`, `zapbirds`, `accelsearch`, futa, endelea. prepfold itasoma faili la awali, haihitaji .fft. Fuata pia mpango wa `DDplan.py`: kwenye DM kubwa unaruhusiwa kupunguza sampuli mara 2 au 4 kwa sababu pigo limeshapakazwa ndani ya chaneli yenyewe, na hapo diski na muda vinapungua kwa kiwango hicho hicho.

Kwenye `accelsearch` anza na `-zmax 0`, yaani bila kuruhusu kasi ya pulsa ibadilike, inatosha kwa pulsa pekee. `-zmax 200` ni kwa mifumo pacha na inachukua muda mrefu zaidi kwa kila DM. Iendeshe usiku, au kwenye klasta ya chuo kama ipo. Hakikisha tu kwamba data ya kufunzia na ya kupimia zimepita kwa `-zmax` ile ile, kwa kuwa upekuzi unaoruhusu kasi ya pulsa ibadilike hutoa washukiwa wengi zaidi wa kelele.